Kaseti Haisomi: Jinsi ya Kusafisha Soketi ya NES na Gemu za TV za Zamani

Kaseti ikigoma kusoma, usikimbilie bisibisi. Mara nyingi uchafu uko kwenye meno ya kaseti yenyewe, yaani vile vipande vya chuma vinavyoingia kwenye soketi, na soketi imechafuka kwa sababu kaseti chafu nyingi zimepita humo. Ukisafisha soketi kisha ukarudisha kaseti zilezile bila kuzigusa, baada ya siku chache utakuwa pale pale. Mpangilio ni huu: kaseti kwanza, soketi baadaye, kubadilisha soketi mwisho kabisa. Wengi hawafiki hatua hiyo ya mwisho.

Maelezo haya yanahusu zaidi mashine mbili: NES ya Nintendo, ile ya kijivu inayomeza kaseti kwa mbele, na gemu za TV zenye soketi ya juu ya pini 60, yaani Famicom ya Japani ya mwaka 1983 pamoja na nakala zake za Kichina zilizouzwa sana huku kwetu. Super Nintendo na Mega Drive, mashine nyingine za gemu za zamani, zitatajwa pale zinapotofautiana.

Soma dalili kabla ya kugusa kitu

Kwenye NES, taa nyekundu ikiwaka na kuzimika mara moja kila sekunde, mashine haijafa. Ndani ya NES kuna chipu ya ulinzi, na ndani ya kila kaseti halali kuna pacha wake. Mashine ikiwashwa, hizo mbili huanza kuwasiliana kupitia pini chache za soketi. Mawasiliano yakikatika, chipu ya mashine huizima gemu na kuianzisha upya, tena na tena. Kupepesa huko maana yake ni mgusano mbaya, basi.

Famicom na nakala zake hazina chipu hiyo, kwa hiyo hazipepesi. Zenyewe hukuonyesha skrini ya rangi moja, au vijipande vya herufi vilivyotapakaa ovyo.

Muziki ukicheza sawasawa na mchezaji akatii padi lakini picha imevurugika, tatizo liko kwenye pini za picha. Katika NES na Famicom, chipu ya kaseti inayobeba picha ina pini zake, tofauti na zile za programu, hivyo upande mmoja unaweza kusoma vizuri na mwingine ukashindwa.

Dalili inayowachanganya wengi ni ya Famicom: gemu inacheza, picha safi, sauti hakuna. Watu hubadilisha waya wa TV, wengine hubadilisha TV. Kumbe katika Famicom sauti hutoka kwenye mashine, huingia ndani ya kaseti, na kurudi kupitia pini ya 45 na ya 46, ili kaseti yenye chipu yake ya sauti iweze kuongeza chochote. Pini hizo mbili zinakaa katikati kabisa ya safu moja. Zikichafuka, sauti inakatikia hapo.

Super Nintendo ina pini 62: 46 katikati, na 8 kila upande. Gemu nyingi hutumia za katikati tu. Kama gemu zako zote zinasoma isipokuwa Star Fox au nyingine yenye chipu ya ziada ndani ya kaseti, chafu ni zile za pembeni.

Kupuliza kwa mdomo

Acha. Pumzi ina unyevu na chembe za mate, na vyote vinatua juu ya chuma chembamba ambacho adui yake mkubwa ni unyevu. Watu huapa kwamba inasaidia, na kweli gemu mara nyingine hushika baada ya kupuliza. Lakini kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya: meno yamekwangua pini na kupata sehemu mpya ya kugusana. Chomoa, chomeka tena bila kupuliza, utapata matokeo yaleyale bila kutu.

Na upepo wa kompresa wa gereji nao usiutumie. Kompresa ya matairi hutoa maji na mafuta pamoja na hewa. Pampu ndogo ya mpira ya kubonyeza kwa mkono, ile ya kusafishia kamera, inatosha.

Vifaa

Kikubwa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Mafundi simu wanaiita IPA na wanaijua inapouzwa. Chupa ya mililita 100 inasafisha mashine kadhaa na kaseti zake. Spiriti ya duka la dawa kwa kawaida ni asilimia 70, iliyobaki ni maji. Kwa meno ya kaseti inafaa ukiiacha ikauke vizuri, ila soma kibandiko kwanza, maana zilizotiwa mafuta ya nyonyo au manukato huacha utando. Sanitaiza ya mikono haifai kabisa kwa sababu ina gliserini. Tina, petroli na asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki. Mafuta ya taa na WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulainishia vyuma, huacha mafuta yanayokamata vumbi, kwa hiyo mashine itasoma leo na kugoma mwezi ujao, tena vibaya zaidi.

Mbali na hiyo tafuta:

- pamba za masikio, zile zilizofungwa kwa nguvu zisizoacha nyuzi
- mswaki laini ambao haujawahi kuguswa na dawa ya meno
- kadi ya benki iliyokwisha muda
- kitambaa cha kufutia miwani, au kitambaa chochote chembamba kisichotoa nyuzi
- bisibisi ya nyota, na biti ya Nintendo (ncha maalum ya bisibisi) ya milimita 3.8 kwa kaseti. Ya milimita 4.5 ni ya kufungulia Super Nintendo yenyewe
- kontena au karatasi ya kupangia skrubu

Biti ya 3.8 ikikosekana, kuna njia ya mkato inayofanya kazi: pasha moto ncha ya bomba la kalamu ya plastiki hadi ilainike, ikandamize juu ya kichwa cha skrubu, subiri ipoe, kisha zungusha taratibu. Inafungua kaseti chache kabla ya kulika.

Kaseti

Si lazima uifungue. Lowesha pamba ya masikio kwa IPA, ikamue iwe na unyevu tu isidondoke, kisha sugua meno kutoka ndani kuja nje, pande zote mbili. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi. Endelea na pamba mpya mpaka itoke na kijivu hafifu. Weupe kabisa usiusubiri, kwa sababu chuma chenyewe huacha rangi kidogo kila kinaposuguliwa. Malizia kwa pamba kavu na uache dakika 15. Alkoholi isifike kwenye lebo ya mbele, itachuja wino.

Kufungua kunahitajika pale uchafu ulipogeuka utando mgumu. Hapo angalia rangi ya meno. Yakiwa ya dhahabu, usitumie raba ya kufutia. Safu ya dhahabu ni nyembamba mno, na raba, hasa ile ngumu ya kufutia wino, huikwangua hadi shaba itokeze. Shaba ikitokeza, kutu itarudi kila masika. Kaseti nyingi za bei rahisi, zile zenye gemu nyingi ndani ya kaseti moja ya njano, zina meno ya bati au shaba tupu. Hizo unaweza kuzipitisha raba nyeupe laini mara nne au tano, kisha IPA ili kuondoa makombo.

Kutu ya kijani ni shaba iliyoliwa, na pwani huonekana mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi. Gusa kwa pamba yenye siki nyeupe, subiri dakika moja, futa kwa pamba yenye maji safi, halafu IPA. Siki usiiingize kwenye soketi. Ikijificha nyuma ya pini huwezi kuisuuza, na itaendelea kula chuma.

Soketi ya juu: Famicom na nakala zake, Super Nintendo, Mega Drive

Hizi ni rahisi, kazi ya nusu saa bila kufungua mashine. Chomoa adapta ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe.

Geuza mashine kichwa chini. Hili watu hulipuuza, ilhali ndilo linalookoa bodi: ukisafisha mashine ikiwa imekaa kawaida, uchafu na alkoholi vyote vinaingia ndani. Ikiwa imeinama, vinadondoka nje. Pitisha mswaki mkavu kwa urefu wa soketi, kisha pampu ya mpira.

Sasa kadi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na bodi ya kaseti ya Nintendo ya zama hizo ni kama milimita 1.2. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya kitambaa. Zungusha safu moja tu ya kitambaa chembamba kwenye ukingo wa kadi, ili unene wa jumla ukaribie ule wa kaseti. Ukikunja safu mbili au tatu utazipanua pini kupita kiasi, na pini iliyopanuka haigusi tena. Hapo utakuwa umetengeneza tatizo ambalo hukuwa nalo. Kama kadi ni pana kuliko soketi, ikate kwa mkasi na uparuze kona zisikwaruze.

Dondoshea matone mawili matatu ya IPA kwenye kitambaa. Ingiza kadi wima, moja kwa moja, na uitoe moja kwa moja. Usisugue kushoto na kulia, kwa sababu pini zimesimama bega kwa bega na mwendo wa pembeni huzilaza. Fanya mara kumi, sogeza kitambaa upate sehemu safi, rudia. Ukiona mistari ya kijivu iliyopangana sawasawa kwenye kitambaa, kila mstari ni pini moja. Huu ni ukaguzi mzuri: pini isiyoacha mstari haigusi, imelala au imezama. Imulike kwa tochi ya simu uione.

Kwenye Super Nintendo kuna vifuniko vya vumbi mdomoni. Vishikilie wazi kwa kidole, na ukumbuke zile pini 8 za kila pembeni, ambazo kadi iliyokatwa fupi haizifikii.

Acha mashine ikauke nusu saa ikiwa bado imeinama. IPA inashika moto haraka, kwa hiyo jiko na sigara viwe mbali, na mashine isiwashwe ukiwa bado unasikia harufu. Ikishakauka, ingiza kaseti safi uliyoitengeneza mwanzo, kisha washa. Kujaribu kwa kaseti chafu hakukuambii chochote.

NES ya kumeza kwa mbele

Hapa kazi ni ndefu. Kaseti ya NES huingia mlalo kisha hubonyezwa chini, na kila ubonyezaji hukunja pini kidogo. Kwa hiyo soketi yake ya pini 72 huugua magonjwa mawili kwa pamoja, uchafu na uchovu. Tena soketi hiyo ina midomo miwili: mmoja unauma kaseti, mwingine unauma ukingo wa bodi kuu. Kadi unayoingiza kwa mbele inafika mdomo wa kwanza tu. Ule wa pili hukaa miaka bila kuguswa, na ndiyo sababu wengi husafisha, taa ikaendelea kupepesa.

Geuza mashine, toa skrubu 6 za chini, kisha irudishe ilivyokuwa na unyanyue kifuniko cha juu. Utakuta bati la kinga. Toa skrubu zake, linyanyue. Chini yake ni trei ya kaseti. Skrubu za trei hazilingani urefu, mbili ni ndefu kuliko nyingine, kwa hiyo zipange kwenye karatasi kwa mchoro wa mahali zilipotoka, na upige picha. Skrubu ndefu ikikazwa mahali pa fupi itapasua plastiki.

Trei haitoki kwa kunyanyua. Mdomo wake wa mbele umepita chini ya bodi kuu, kwa hiyo ivute kwanza kuelekea mbele ya mashine, ikishaachia ndipo uinyanyue. Ukiilazimisha juu utavunja ulimi wa plastiki. Baada ya hapo inua bodi kidogo, ukiangalia nyaya za padi zisikazwe, kisha vuta soketi kuelekea nyuma, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka iachie.

Ukingo wa bodi kuu sasa uko wazi. Usafishe kama meno ya kaseti, pande zote mbili. Ukiwa na haraka, fanya hili hata kama mengine hutafanya.

Soketi yenyewe inaweza kuchemshwa. Inasikika kama mzaha, lakini ni plastiki na chuma tu, haina chipu wala waya. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza soketi dakika 5 hadi 10, itoe, ikung'ute. Ikishapoa vizuri ichomeke kwenye ukingo wa bodi na uichomoe mara kadhaa ili mafuta na kutu iliyolainika ikwanguke. Ukingo huo uufute tena kwa IPA baada ya hapo. Rudia kuchemsha mara moja. Maji yawe yasiyo na chumvi. Maji ya kisima ya Dar es Salaam au Mombasa yatakuachia ukoko mweupe mbaya kuliko uchafu ulioutoa. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa kwa sababu yameondolewa madini, ila hakikisha umenunua maji na siyo asidi. Chupa zake hukaa rafu moja.

Kukausha ndipo subira inapohitajika. Kung'uta, pampu, feni, kisha saa 24 mahali pakavu. Ukitaka kufupisha, mimina IPA ndani ya soketi iliyokung'utwa, itabeba maji yaliyobaki na kukauka nayo.

Pini zilizochoka zinaweza kuinuliwa kwa sindano ya kushonea. Ingiza ncha chini ya pini ya safu ya chini na uivute juu kama nusu milimita, isizidi. Zote ziwe kimo kimoja. Ni kazi ya mara moja. Pini iliyokunjwa na kunyooshwa mara kwa mara huvunjika, na ikivunjika moja soketi nzima imekwisha.

Soketi mpya za kuagiza zipo na si ghali, lakini nyingi zinauma kaseti kwa nguvu hadi kuitoa inakuwa kuvutana, na zinakwangua meno. Soketi ya asili iliyosafishwa vizuri ni bora kuliko mpya ya aina hiyo. Usiitupe ya zamani hata ukibadilisha.

Kabla ya kurudisha bati na kifuniko, rudisha soketi na trei, jaribu. Ni bora kugundua hapo kuliko baada ya skrubu ya mwisho.

Na kwa kuwa unajaribu, angalia adapta. NES iliyoletwa kutoka Marekani huja na adapta ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu inaungua. Vilevile, adapta ya NES hutoa volti 9 za AC. NES inazipokea bila shida, lakini usiichomeke kwenye Famicom, inayotaka DC yenye hasi katikati. Nakala za Kichina hazina utaratibu mmoja, soma kilichoandikwa kwenye mashine yenyewe.

Mende

Mende hupenda joto la mashine na giza la soketi. Kinyesi chao na mayai huganda juu ya pini na kuzila. Usipulize dawa ya mende ndani ya soketi. Nyingi zina mafuta yatakayobaki humo. Fungua mashine, toa bodi, piga mswaki, safisha kwa IPA. Kisha hamisha mashine kutoka karibu na jikoni, ndiyo dawa.

Ikigoma hata baada ya usafi

Kwenye nakala za Kichina, washa gemu na usukume kaseti kidogo sana mbele na nyuma. Picha ikibadilika kila unaposukuma, pini huenda ni safi ila risasi imepasuka mahali soketi ilipochomewa kwenye bodi. Mashine hizo hazina kitu kinachoishika soketi zaidi ya hizo nukta 60 za risasi, na kila uchomoaji wa nguvu huzivuta. Fungua skrubu za chini, geuza bodi, mulika: nukta mbovu ina mduara mwembamba mweusi kuzunguka pini. Fundi redio anapasha moto nukta zote 60 na kuongeza risasi kidogo, chini ya saa moja. Mwambie azipitie zote hata kama unaona mbovu tatu tu, na awe mwangalifu na nyaya za swichi ya umeme, ambazo ni nyembamba na hukatika wakati bodi inageuzwa.

Mashine ikishakaa vizuri, usiiache na kaseti ndani, hasa NES ikiwa imebonyezwa chini, maana pini zinabaki zimekunjwa usiku kucha. Ifunike kwa kitambaa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu uvitie kwenye mfuko wa kaseti.